Pambo la Bahasha: Anasa au Heshima?

Je, ni haki mtu atumie saa nzima kuipamba bahasha ambayo mpokeaji ataichana mara moja? Swali hili laweza kuonekana dogo, lakini ndani yake limo jingine kubwa: uzuri una nafasi gani katika maisha ya watu ambao bado wanakabiliwa na kazi nyingi za lazima? Walimu na wanafunzi hukutana na swali hili kila wanapofanya kazi za mikono, na yafaa tulijibu.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Karatasi hukatwa na kukunjwa, na kingo zake hushikwa kwa gundi ya unga wa muhogo uliopikwa. Maua huchumwa umande ukishakauka, hulazwa baina ya karatasi zinyonyazo maji, kisha hugandamizwa chini ya vitabu vizito kwa wiki mbili au zaidi. Katika kisiwa kama Mafia, ambako hewa ya bahari ina unyevu mwingi, karatasi hizo hubadilishwa mara kwa mara yasije maua yakaota kuvu. Fundi hujifunza upesi kwamba maua hayalingani. Asumini, pamoja na harufu yake yote, likikauka hugeuka kahawia na kupoteza manukato. Bugenvilia, isiyo na harufu, hudumu na rangi yake.

Wako wasemao kwamba hii ni anasa, tena ya kuiga. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka shule zizalishe mali. Je, ua lililokauka lazalisha nini? Hoja hii si ya kupuuzwa, kwani nchi yenye shida haina budi kutanguliza chakula, maji na dawa. Hata hivyo, na tuwatazame wanawake wa Mafia wasukao mikeka. Ukindu huchanwa, hutiwa rangi, husukwa kwa mistari na nakshi, kisha vipande hushonwa pamoja. Mkeka huo utakaliwa na kulaliwa mpaka uchakae, na mwanamke anayeusuka alijua hivyo tangu chane ya kwanza. Kadhalika kikuba cha asumini na rehani, ambacho wanawake wa pwani hujipamba nacho, hunyauka baada ya muda mfupi. Wazee wetu hawakungoja utajiri ndipo waanze kupamba. Hawakuona kwamba kitu hukosa thamani kwa sababu hakidumu.

Lakini bahasha ina jambo ambalo mkeka hauna, nalo ni siri. Mwaka 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima nchini mwetu, na baadaye Mafia ikawa miongoni mwa wilaya 6 zilizotakiwa kufuta ujinga wa kusoma na kuandika kabla ya mwisho wa mwaka 1971. Tutafakari maana yake. Mzazi asiyejua kusoma, akipata barua ya mwanawe kutoka ng'ambo ya pili ya bahari, hulazimika kumpa mtu mwingine amsomee. Habari za nyumba yake hupita kwanza masikioni mwa jirani. Siku anapoandika mwenyewe na kuifunga bahasha kwa mkono wake, amepata zaidi ya ujuzi wa herufi: amepata heshima ya kuwa na neno lake mwenyewe. Ndani ya bahasha ni kwa mtu mmoja; nje ni kwa macho ya wote. Pambo lililoko nje huwaambia wote kwamba aliyeandikiwa ni mtu wa kuthaminiwa.

Hapo ndipo penye hatari pia. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Bahasha yenye maua na barua yenye uongo ni hadaa iliyopambwa, tena mbaya kuliko uongo uliokuja katika karatasi chakavu. Wala si vibaya kumwuzia mgeni bahasha nzuri, kwani jasho lina haki ya ujira wake; vibaya ni kumpambia mgeni kila siku na kumwandikia mama kwenye kikaratasi kilichochanwa daftarini.

Siku hizi habari nyingi hupita kwa simu, na barua zimepungua. Kwa sababu hiyo hiyo, anayekaa chini akaandika kwa mkono amempa mwenziwe kitu adimu, yaani muda wake. Kwa hiyo mwalimu asiulize tu kama bahasha imepambwa vizuri. Amwulize mwanafunzi: umempambia nani, na umemwandikia nini? Akiweza kuyajibu hayo mawili bila kuona haya, saa yake haikupotea, hata kama bahasha itachanwa leo hii.