Kopo Lililobonyezwa

Mawingu yakifunika Mlima Rungwe sisi hatuuoni, lakini rada ya setilaiti huuona. Mawimbi yake hupenya mawingu, hugonga matawi na mashina, na mwangwi wake hutumika kukadiria uzito wa msitu. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Biomass, iliyorushwa Aprili 2025, ina wimbi refu la karibu sentimita 70, maana mawimbi mafupi hushindwa kwenye msitu mnene.

Hata hivyo rada haijui kilo, hufundishwa. Mtu huingia katika miombo ya Iringa au msitu wa Rungwe, huzungushia kila shina utepe kwenye usawa wa kifua, mita 1.3, na kuandika.

Je, mvua ikimchosha akaandika miti asiyoifikia? Kosa lake litapanda hadi kwenye ramani, na kwa ramani za namna hiyo watu hufanya biashara ya hewa ukaa. Wengine husema ni jambo dogo, miti ni mingi. Sisi tunaona ni kopo lilelile la sokoni lililobonyezwa kitako. Ila mnunuzi wa mahindi anaweza kuligeuza kopo akalikagua. Msomaji wa ramani, aliye mbali, hana cha kugeuza.