Nyasi Zilizovuka Mto Snake

Mwenye kiwanja cha gofu ana adui asiyekwisha: nyasi za aina nyingine zinazoota katikati ya zile alizozipanda, zikafanana nazo kiasi cha kumchanganya hata mpaliliaji mzoefu. Akipuliza dawa, anaua zote pamoja. Kampuni mbili za Marekani, Scotts na Monsanto, zikaona hapo pana biashara. Zikachukua nyasi laini zinazotambaa, zile zinazozunguka mashimo ya gofu, zikazitia jeni ya kustahimili glaifoseti, dawa ambayo wakulima wengi wanaijua kwa jina la Roundup. Mwenye kiwanja apulize kote, magugu yafe, nyasi zake zibaki.

Wakati huo soya na mahindi ya namna hiyo yalikuwa yamekwisha kuzoeleka mashambani Marekani. Lakini mahindi hayawezi kuishi porini. Punje zimebana kwenye gunzi, na asipokuja mtu kuzipukuchua na kuzipanda, ukoo unakatika. Nyasi hizi hazimhitaji mtu. Zinaishi miaka mingi, mashina yake hutia mizizi yanapogusa udongo, mbegu ni ndogo mno, na chavua husafirishwa na upepo. Tena zina ndugu wa porini penye unyevunyevu, na huzaana nao.

Mwaka 2002 zilipandwa hekta zipatazo 160 karibu na mji wa Madras, kaunti ya Jefferson, jimbo la Oregon. Eneo lilitengwa na masharti yakawekwa. Agosti 2003, nyasi zikiwa zimekatwa na kulazwa zikauke, upepo mkali ukapita ukaondoka na mbegu. Chavua nayo ilikuwa imekwenda mbali zaidi ya walivyotarajia wengi: watafiti wa serikali waliotega mimea upande upepo unakoelekea waliikuta jeni ile kwenye mbegu za mimea iliyokuwa umbali wa kilomita 21, na kwenye nyasi za porini kilomita 14. Mwaka 2007 Scotts ikatozwa faini ya dola 500,000. Faini haing'oi nyasi.

Mwaka 2010 zikaonekana katika kaunti ya Malheur, mashariki kabisa mwa Oregon, kwenye mifereji ya umwagiliaji. Huko hazikuwahi kupandwa. Zilikuwa zimevuka mto Snake kutoka upande wa Parma, Idaho, kulikokuwa na mashamba mengine ya majaribio. Pabaya kuliko mferejini hapakuwapo: maji hubeba mbegu na vipande vya mashina hadi shamba la jirani, na glaifoseti ni mojawapo ya dawa chache zinazoruhusiwa kupulizwa karibu na maji. Dawa nyingine inayoziua ipo, ila hairuhusiwi majini.

Kuna wanaokitumia kisa hiki kudai kwamba kila zao lililobadilishwa jeni (GMO) ni sumu. Sioni sumu humu. Ninachoona ni mmea uliochaguliwa vibaya, na watu waliotegemea mpaka wa kwenye ramani kuuzuia. Kwetu Afrika Mashariki mtama una ndugu zake mwitu wanaoota pembeni mwa mashamba na kuzaana nao. Atakayetuletea mtama usiokufa kwa dawa aulizwe habari za ndugu hao kabla hajaanza kutuonyesha picha za mavuno, maana magugu yakishairithi jeni hiyo, dawa tuliyoinunua haina kazi, tunarudi kwenye jembe.

Januari 2017 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliziondoa nyasi hizo kwenye usimamizi wake. Scotts ilikwisha kuahidi kwamba haitaziuza. Basi hakuna kiwanja cha gofu kilichowahi kuzinunua, wala dola iliyopatikana kwa kuziuza, na wakulima wa Malheur, ambao hawakuziomba, ndio waliobaki kuhangaika nazo mferejini.