Ndama wa Bani Israili

Wengi wetu tuisomapo khabari ya Bani Israili na ndama wao huwacheka. Twasema: ni watu gani hawa, walioiona bahari ikipasuka na Firauni akizama na majeshi yake, kisha wakakiabudu kitu kilichotengezwa kwa mapambo yao wenyewe? Kicheko hiki chatuzuia kuuliza suala lililo kubwa zaidi. Ikiwa muujiza kama ule haukuithibitisha imani katika nyoyo zao, ni kitu gani basi kiithibitishacho?

Katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 138, twaambiwa kuwa walipokwisha kuvuka bahari waliwapitia watu wenye kuabudu masanamu, wakamtaka Nabii Musa awafanyie mungu kama miungu ya wale. Hawakusema kuwa Mola wao hayuko, wala hawakumwita Musa mwongo. Walilitamani walilolikuta kwa wengine. Walikuwa watumwa Misri kwa vizazi vingi, na mtumwa aweza kutoka katika nyumba ya bwana wake kwa usiku mmoja, lakini ada za nyumba ile hazimtoki kwa usiku mmoja.

Kisha Musa akaenda kwenye miadi ya masiku 30, nayo yakatimizwa kwa 10 yakawa 40. Hapo Samiri akawatolea ndama mwenye sauti. Na la kutisha zaidi si ndama, bali ni neno lililosemwa juu yake: kwamba huyu ndiye mungu wao na ndiye mungu wa Musa, ila Musa amesahau. Ushirikina haukuwajia ukijiita ushirikina; uliwajia kwa jina la Musa. Lau Samiri angaliwaita waiache dini waziwazi, pengine wengi wangalimkimbia.

Hayo yakarejea baada ya karne nyingi. Ufalme ulipogawanyika baada ya kufa Nabii Suleiman, katika karne ya 10 kabla ya Nabii Isa, vitabu vya Mayahudi vyasimulia kuwa Yeroboamu, mfalme wa kaskazini, alichelea raia zake wasije wakavutwa na ufalme wa kusini kwa kwenda kuabudu Baitul Muqaddas. Akasimamisha ndama wawili wa dhahabu, mmoja Betheli na mmoja Dani, akawaambia watu kuwa hao ndio waliowatoa Misri. Ilikuwa ni siasa tu, lakini wana wakaikuta kuwa ni mila ya baba zao. Hata mfalme Yehu, aliyeivunja ibada ya Baali kwa upanga, hakuwagusa ndama wale.

Limebaki jambo la Nabii Harun. Vitabu hivyo vyasema kuwa yeye ndiye aliyemtengeza ndama; Kurani yamtakasa. Aliwakataza, wakamwona dhaifu, wakakaribia kumwua. Nduguye aliporudi na kumkamata kichwa na ndevu, udhuru wake ulikuwa kwamba alichelea kuambiwa amewafarikisha Bani Israili. Wako wautumiao udhuru huu kunyamazia maovu, ati kwa ajili ya umoja. Twaona hawakuufahamu, kwani Harun hakunyamaza: alisema kwanza, tena wazi, kisha ndipo alipojizuia asiwagawe watu. Naye Musa alipokwisha kumsikia hakumzidishia lawama, bali alijiombea maghufira yeye na nduguye. Kisha akamgeukia Samiri. Na ndama yule akachomwa moto, akatawanywa baharini.