Shaba Juu ya Shaba

Kisa hiki nimekitunga, ila udongo wake ni wa kweli. Baba mmoja wa komine ya Kenya, Lubumbashi, alipostaafu alipata shamba nje ya mji, upande wa kaskazini-magharibi, akapanda malimau, machungwa na machenza. Aliazimia kufuata kilimo hai, ili mama wa soko la Kenya auze limau ambalo mtu anaweza kulikata na kulitia kwenye chai pamoja na ganda lake bila wasiwasi. Nia hiyo naiheshimu.

Miti ilishika, japo ilikua polepole. Mvua za mwaka wa nne zilileta ukungu, malimau yakatoka na magamba kama upele. Baba akauliza huku na huku, akaambiwa kwamba wakulima wa kilimo hai wanaruhusiwa kupulizia sulfati ya shaba iliyochanganywa na chokaa. Ni kweli. Mchanganyiko huo ulitangazwa na mtaalamu wa mimea Millardet huko Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1885 kwa ajili ya mizabibu, na hadi leo unatumika. Akapulizia. Mvua ikiosha, anarudia, na mvua za Lubumbashi hunyesha kuanzia Novemba hadi Machi na zaidi. Upele ukapungua. Kisha majani machanga yakawa manjano, mishipa yake ikibaki kijani, na ncha za matawi zikakauka. Akadhani ni ugonjwa mwingine, akaongeza dawa.

Binti wa kaka yake, aliyesomea kilimo katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alikuja kumtembelea. Hakuanza na miti. Aliinama ukingoni mwa shamba.

“Baba mdogo, haya maua ya zambarau yamekuwapo tangu lini?”

“Niliyakuta, mwanangu. Hayanisumbui.”

Lilikuwa ua la shaba, ambalo wataalamu huliita Haumaniastrum katangense. Hustawi penye shaba nyingi, mahali ambapo mimea mingi hushindwa. Wanaakiolojia wa Katanga wamewahi kulifuata na kugundua tanuri za kale, za wahenga walioyeyusha shaba. Shambani kwa huyu baba hapakuwa na tanuri ya kale. Shaba ilikuja kwa moshi: kiwanda cha mjini cha kuyeyushia shaba kilianza kazi mwaka 1911, na upepo wa kusini-mashariki ukapeleka vumbi lake upande huo kwa miongo mingi.

Binti akafukua kidogo chini ya mlimau. Mizizi midogo ilikuwa haba, mifupi na minene. Shaba ikizidi huichoma mizizi, nayo hushindwa kufyonza chuma, ndiyo maana jani changa hugeuka manjano. Udongo mwekundu wenye tindikali huzidisha madhara, kwa kuwa huiachia shaba iingie mizizini kwa urahisi. Wakulima wa michungwa wa Florida waliyaona hayohayo katika miaka ya 1950, baada ya kupulizia shaba muda mrefu kwenye mashamba yao. Shaba haiozi, inayodondoka leo huikuta ya jana.

Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya umeweka kikomo: kilo 28 kwa hekta katika miaka saba. Lakini kikomo hicho huhesabu anachopulizia mkulima. Hakihesabu alichokikuta ardhini, na hapo ndipo huyu baba alipopotea. Aliuliza dawa gani inaruhusiwa kabla ya kuuliza ardhi imebeba nini. Kwa mtu wa Lubumbashi, ambako mukuba, yaani shaba, umejenga mji mzima, naona hilo ndilo swali la kwanza: peleka udongo ukapimwe kabla hujanunua mche hata mmoja.

Pampu ya kupulizia dawa iliwekwa kando. Walimwaga chokaa kupunguza tindikali, wakatandaza mboji nyingi ili iishike shaba, wakapogoa matawi ya katikati ili upepo upite na ukungu ukose unyevu, wakaokota matunda yenye magamba na kuyatoa shambani. Baadhi ya michungwa ilitoa majani ya kijani mwaka uliofuata. Milimau ya upande wa maua ya zambarau aliing’oa yote, na miche mipya akaenda kuipanda kwingine, baada ya majibu ya vipimo kufika.