Jiwe Lisiloonekana Kwenye Picha

Kijana mmoja wa Chumbageni ameniletea swali ambalo nimeona nilijibu hadharani, maana halimhusu yeye peke yake. Anapenda kupiga picha ndege wa porini na wa pwani. Siku asipokuwa na kazi huenda Sahare maji yakiwa yanajaa, akatafuta kundi la vitwitwi lililotulia mchangani, halafu humpa mtoto wa pale shilingi elfu moja alirushie jiwe. Kundi zima linaruka kwa mkupuo, mabawa yanameta juani, naye anaondoka na picha ambayo rafiki zake huisifu kuliko zote. Jiwe lenyewe halimpati ndege hata mmoja. "Sasa mzee wangu," anauliza, "hapo dhambi iko wapi?"

Mwanangu, kwanza uwajue hao unaowarusha. Wengi wa vitwitwi na sululu unaowakuta Tanga wakati wa kaskazi ni wageni. Wamo waliototolewa Siberia. Na yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, anayekula kaa, hutaga ndani ya mashimo ya mchanga pande za Oman na Ghuba. Wanachokifuata kwetu ni tope. Maji yakipwa wanashinda wanadonoa; maji yakijaa meza imefungwa, wanabanana kwenye kipande cha mchanga kilichobaki na kupumzika mpaka bahari irudi nyuma. Wewe unawafikia saa hiyo hiyo ya mapumziko. Inapofika Machi na Aprili, wale wa safari ya kaskazini wanajilimbikizia mafuta mwilini, kwa sababu huko angani hakuna kituo cha kujaza. Kila mruko wa bure unachota kwenye akiba hiyo. Utasema umerusha mara moja tu. Sawa, lakini kabla yako alipita mbwa, na baada yako atakuja mwenzako mwenye kamera kubwa kuliko yako. Ndege hana namna ya kujua kwamba jiwe lako lilikuwa la mchezo.

Hilo ni la ndege. La kwako wewe naliona zito zaidi. Picha haimwoneshi mtazamaji jiwe. Anayeitazama anadhani ulikaa, ukangoja, ukaijua pwani mpaka ikakupa ulichokitaka, naye anakusifu kwa subira ambayo hukuwa nayo. Unakula sifa za kazi usiyoifanya. Na yule mtoto? Tanga bado tuna watoto wanaoshinda na manati, na wazazi wanaowagombeza. Wewe umekuja na kamera ya thamani ukamlipa kwa kitendo kile kile ambacho jana babaye alimchapia.

Picha ya kundi likiruka unaweza kuipata kwa halali. Angalia saa za maji, tangulia kabla hayajajaa, kaa chini jua likiwa mgongoni, na usiwasogelee. Maji yenyewe yatawasukuma kuhama mchanga mmoja kwenda mwingine, au kipanga atapita na kuwainua bila kukudai hata senti. Siku nyingine hutapata kitu. Utarudi nyumbani ukale chakula chako ulale.

Ukiwakaribia wakaanza kunyoosha shingo na kuacha kula, umeshafika mbali mno. Rudi nyuma, na ununue lenzi ndefu ukijaliwa. Lakini hiyo lenzi ndefu nayo ina fitina zake: ukiielekeza bandarini au kwenye kituo cha polisi, jiandae kutoa maelezo marefu. Ukiielekeza kwa akina mama wanaochokoa pweza, wamefunga kanga zao kwa ajili ya kazi na si kwa ajili yako, hata ukiapa kwamba ulikuwa unampiga yangeyange aliyesimama nyuma yao, hutaaminiwa. Na wana haki ya kutokuamini. Salimu, sema unachokifanya, na wakikwambia usipige, usipige.

Viota ndipo ninapokuwa mkali. Nimeona watu wakivuta matawi na kung'oa majani ili makinda yaonekane vizuri, halafu wakaondoka wakiwa wamefurahi. Kunguru wetu hawa, wa ukoo ule ulioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, wanatazama mtu anachungulia wapi, na mayai ya wenzao kwao ni chakula. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na kupekuapekua kwako kiota ni karamu yake. Kunguru akikosa, jua la saa sita litayamaliza makinda uliyoyavua kivuli.

Kuna pia mchezo wa kupiga sauti ya ndege kwenye simu ili ajitokeze. Ndege anakuja kwa sababu amesikia mvamizi kwenye eneo lake. Anaacha kulisha wanawe aje kupigana na simu. Kule Amani, Usambara Mashariki, kuna ndege mdogo wa kijivu mwenye mdomo mrefu ambaye duniani kote anajulikana kuishi hapo na kaskazini mwa Msumbiji tu. Kwa huyo nasema simu ikae mfukoni, hata kama anayekuongoza yuko tayari kukuridhisha.

Mjini mchezo huo una adha nyingine. Bundi akiishi kwenye dari ya nyumba kongwe mtaani kwako, wewe unaona picha. Jirani anasikia uchuro juu ya paa lake, na huenda ndani mna mgonjwa. Ukimwita bundi kwa simu usiku wa manane umewatia watu hofu ndani ya nyumba yao. Usiwacheke. Nenda mchana, bisha hodi, eleza, na ukipata nafasi taja kwamba yule ndege anakula panya. Wakikataa, basi.

Nimemtaja ndege wa Amani. Jina lake la kisayansi linambeba Reginald Moreau, Mwingereza aliyefika kwenye kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1928. Pamoja naye alifanya kazi Salimu Asumani, fundi wa kuwajua na kuwatafuta ndege wa misitu ile, ambaye wengi wa Tanga hawajawahi kumsikia. Kwa hiyo mtoto wa Sahare, ukishaacha kumlipa arushe mawe, mlipe akuoneshe sululu wanalala wapi maji yakijaa, kwani anajua kuliko wewe. Mpe na kamera aishike. Picha ikitoka, mahali pa kiota paache pasijulikane, lakini kama wazazi wake wameridhia, jina la mtoto liandike kando ya lako.