Mdhalimu na Mwendawazimu

Wengi katika mitaa yetu ya Pumwani, Kaloleni na Shauri Moyo wameiona sinema ya mwaka 1981 iliyoongozwa na Sharad Patel, ambamo Mkenya mwenzetu Joseph Olita aliigiza Idi Amin wa Uganda. Mtazamaji huona ukatili ukizidi mpaka husema: “Mtu huyu amerukwa na akili.” Twataka kulipima neno hili.

Katika sharia, mwendawazimu hana taklifu. Kalamu imeinuliwa juu yake kama ilivyoinuliwa juu ya mtoto mdogo. Basi anayemwita mdhalimu mwendawazimu amemfutia hesabu yake pasi na kukusudia.

Je, Amin alistahiki udhuru huo? Agosti 1972 aliwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Septemba mwaka huo askari walimtoa Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka mahakamani, asionekane tena. Februari 1977 aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum, na serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari. Mwenye kutunga uongo ili kuficha damu anajua kwamba damu ile ni haramu. Tena makachero wa Nakasero walikuwa na ofisi na mishahara. Tukisema ni wazimu wa mtu mmoja, hao nao tumewasamehe.

Tunachokiona katika sinema ni kibri. Mtu huwaondoa wanaomnasihi, mmoja baada ya mmoja, hata asibakiwe ila na wanaomsifu. Hali hiyo hufanana na wazimu, lakini ameifikia kwa hiari yake. Ama wagonjwa wa akili tunaoishi nao mitaani, wengi wao hawamdhuru mtu. Kuwafananisha na mdhalimu ni kuwadhulumu.

Na jambo hili halikuishia Uganda. Mume humpiga mkewe, au kijana huwatoza wachuuzi kwa kisu, nasi majirani husema: “Ana wazimu huyo, mwacheni.” Mtazameni akutanapo na mwenye nguvu kumshinda: adabu humrudia papo hapo.

Amin alifariki Jeddah mwaka 2003 bila kusimamishwa mbele ya hakimu wa dunia. Hesabu yake iko kwa Mola wake. Waliopo mitaani mwetu bado waweza kuambiwa, na ni wajibu wetu kuwaambia mapema, kabla hawajazoea kutoambiwa.