Hesabu ya Mchele

Nilikuwa kidato cha pili Mama aliponipa hesabu dukani. Alikuwa na mchele wa Kyela wa shilingi 3,000 kwa kilo, ule unaonukia, na mchele wa kawaida wa shilingi 2,000. Alitaka kilo 50 za mchanganyiko wa kuuza shilingi 2,600. "Si wewe ndiye unayesoma? Haya, nipigie."

Nikaandika nyuma ya daftari la madeni. Kilo za Kyela niliziita x, zile nyingine 50 − x. Kisha: 3,000x + 2,000(50 − x) = 130,000. Jibu likaja x = 30. Kyela kilo 30, wa kawaida kilo 20. Mama alifurahi, akanipa soda.

Kesho yake nikakuta kibao juu ya gunia: "Kyela, 3,000."

Sikuuliza. Jioni akaja bibi jirani, anatarajia wageni wa posa. Akachota kiganja, akanusa, kisha akanitazama mimi. "Mjukuu wangu, huu ni Kyela wenyewe?"

"Ndiyo, bibi."

Akanunua kilo tano.

Kuchanganya si kosa. Ukiuza kilo 30 na kilo 20 mbalimbali, kila moja kwa bei yake, unapata 130,000. Ukizichanganya ukauza kwa 2,600, unapata 130,000 ileile. Hakuna aliyepunjwa. Ndiyo maana ya alama ya sawasawa. Lakini kwa 3,000 unapata 150,000, na ile 20,000 ya ziada haikutoka kwenye mchele. Ilitoka kwa watu waliotuamini, na katika fedha za duka lile ndimo mlimotoka michango yangu ya shule.

Kwa miaka mingi nilijitetea: mimi nilipiga hesabu tu, bei aliweka Mama. Lakini bibi hakumuuliza Mama. Aliniuliza mimi, niliyejua habari za zile kilo 20.

Juzi nilikuwa namwelekeza mwanangu hesabu kama hiyo. Nikajaribu kuweka 3,000 mahali pa 2,600. Jibu: x = 50. Yaani kwa bei ile, mchele wote ulipaswa kuwa Kyela, bila hata punje ya mwingine. Mwanangu akaniuliza kwa nini nimenyamaza. Nikamwambia hesabu iko sahihi, aendelee na inayofuata.